Turubai Si Ngoma

Wanaolala porini kwenye machela wana imani moja ambayo haijawahi kudaiwa ushahidi. Inasema kwamba turubai la kukinga mvua lazima liwambwe kama ngoma. Kamba ya mgongo, ile inayotoka mti hadi mti na kubeba paa lote, ikazwe mpaka ikidonolewa ilie. Kamba za pembeni zivutwe kwenye vigingi mpaka kitambaa kisibaki na kunyanzi hata moja. Kisha picha ipigwe, maana turubai la namna hiyo linapendeza machoni, na anayeliacha linepe kidogo huhesabiwa kuwa ama mvivu ama mgeni wa mambo.

Makao makuu ya imani hii ni Marekani, hasa kwenye Appalachian Trail, njia ya miguu ya karibu kilomita 3,500 inayoanzia Springer Mountain, Georgia, na kuishia Katahdin, Maine. Huko machela ina wafuasi wengi kwa sababu inayoeleweka. Ardhi ni mizizi, mawe na miteremko, lakini miti ya kuning'inia haiishi. Mvua nayo si haba: vilele vya Great Smoky Mountains hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu anayelala hewani kati ya miti miwili, bila kuta, anategemea kitambaa kimoja na kamba sita au nane. Si ajabu kwamba kamba hizo zimezungukwa na mafundisho mengi kuliko misahafu.

Fundisho lenyewe lipewe haki yake kwanza. Turubai lililolegea hupigapiga upepo ukivuma, na kila pigo huchosha nyuzi pale zinapokutana na mshono. Linapiga kelele usiku kucha. Likinepa, linatengeneza tumbo, tumbo linakusanya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja; lita 20 zikituama katikati, mwenye kulala ana mzigo wa kilo 20 unaoning'inia juu ya uso wake. Ubavu wa turubai ukishuka, hugusa mfarishi uliofungwa chini ya machela na kuulowesha. Tena kamba iliyolegea huupa upepo nafasi ya kujipanga: badala ya kuisukuma, unaichapa. Yote hayo ni kweli. Kutoka hapo wafuasi wanahitimisha kwamba mkazo ni usalama, na mkazo zaidi ni usalama zaidi.

Nusu ya kwanza ya hitimisho hilo inavumilika. Nusu ya pili ndiyo inayong'oa vigingi.

1. Kamba ikilia, imesema nini?

Kipimo cha fundisho hili ni kidole. Mkufunzi anakaza, anaidonoa kamba, inatoa mlio mwembamba, anatabasamu kwa kamera. Hakuna anayemuuliza mlio huo umepima nini.

Sauti ya kamba iliyodonolewa hutokana na mambo matatu kwa pamoja: mkazo wake, urefu wake na uzito wake. Chukua kipande cha kamba kati ya mti na ncha ya turubai. Leo miti imekaribiana, kipande kina mita 1. Kesho miti iko mbali, kipande kina mita 1.5. Ili kamba ya kesho itoe sauti ileile ya leo, inahitaji mkazo mara 2.25 ya ule wa jana yake. Yaani anayetegemea sikio huzidisha mkazo maradufu bila kujua, na hufanya hivyo siku ambayo miti ilimlazimisha kutumia kamba ndefu.

Kuna pia mlio mwingine, ule unaosikika wenyewe usiku upepo ukipita, ambao wafuasi huupokea kama hati ya ufaulu. Mwaka 1878 mwanafizikia Mcheki Vincenc Strouhal aliuchunguza mlio huo kwa kuzungusha nyaya hewani. Aligundua kwamba unategemea kasi ya upepo na unene wa waya. Mkazo haukubadilisha kitu. Kamba ya milimita 2 ikipitiwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde hutoa mlio wa mitetemo kama 1,000 kwa sekunde, iwe imekazwa na fundi au na mtoto. Hati ya ufaulu, kumbe, hutolewa na upepo kwa kila anayehudhuria.

2. Miti haikutia saini

Utaratibu unaofundishwa ni huu: funga turubai kwanza, likaze, kisha tundika machela chini yake. Mvua ikinyesha mtu anafanya kazi akiwa pakavu, na hilo ni jambo la busara. Kasoro iko kwenye kukaza, kwa sababu wakati huo machela haina mtu.

Mtu wa kilo 80 akijilaza kwenye machela iliyofungwa kwa pembe ya nyuzi 30, ambayo ndiyo pembe inayopendekezwa karibu kila mahali, kila mkanda hubeba kama kilo 80, na kila mti huvutwa kuelekea mwenzake kwa nguvu ya karibu kilo 69. Mti si nguzo ya zege. Mti mnene husogea kidogo, mwembamba husogea kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na kadiri kamba ilivyofungwa juu zaidi ndivyo sehemu hiyo ya shina inavyosogea zaidi. Kamba ya mgongo hufungwa juu ya mikanda ya machela.

Sasa mfuasi ametumia kamba ya Dyneema, kwa kuwa ameambiwa haitanuki. Ni kweli haitanuki sana. Nyuzi zake hukatika zikiwa zimerefuka kwa asilimia 3 hadi 4 tu. Ikikazwa kwa sehemu ya kumi ya nguvu yake, kamba ya mita 5 imerefuka kwa sentimita 2 hivi. Kila mti ukisogea sentimita 1 mtu anapopanda kitandani, sentimita hizo 2 zimerudi, na mkazo wote umekwisha. Turubai lililokuwa likilia kama udi saa kumi na mbili jioni linakuwa shuka saa tatu usiku, na mwenyewe yuko ndani ya machela amefunga zipu ya chandarua.

Ukinzani huo haumo kwenye mafunzo. Kamba inayosifiwa kwa kushika mkazo ndiyo inayoupoteza upesi kuliko zote, kwa sababu inaushika ndani ya umbali mdogo mno. Kamba inayonyumbuka, ile inayodharauliwa, ikivutwa sentimita 20 kisha miti ikairudishia 2, imebaki na karibu kila kitu.

3. Kitambaa chenye kiu

Hapa ndipo fundisho linapojikanyaga vibaya zaidi, kwa hiyo inafaa kukaa.

Maturubai mengi ya machela hushonwa kwa nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni. Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ni imara na nyepesi, lakini ina kiu. Katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa takriban asilimia 4 ya uzito wake, na ikilowa hubeba zaidi. Maji hujipenyeza kati ya minyororo ya molekuli, minyororo inaachiana kidogo, kitambaa kinarefuka. Poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza na Whinfield na Dickson mwaka 1941, hunyonya asilimia 0.4 hivi, ndiyo maana maturubai ya poliesta yameanza kununuliwa na watu waliochoka kuamka usiku.

Chukua turubai la nailoni lenye mgongo wa mita 3.3. Tuseme mvua imelirefusha kwa asilimia 2. Hizo ni sentimita 7 tu, na mtu atauliza sentimita 7 zina neno gani. Lakini ncha mbili zimefungwa palepale zilipokuwa, kwa hiyo urefu wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa chini, na hesabu ya mkunjo inatoa tumbo la karibu sentimita 29. Urefu ulioongezeka ni wa kidole, bonde lililotokea ni la sahani.

Wafuasi wana jibu: ndiyo maana tunakaza sana mapema, ili kuwe na akiba. Akiba ya nini? Ili sentimita 7 zifidiwe zenyewe, lazima kuwe na kitu kilichokwisha kuvutwa sentimita 7 na kinachotamani kurudi. Kamba isiyotanuka haina tamaa hiyo. Mkono wa binadamu, hata ukisaidiwa na fundo lolote, hauwezi kuivuta Dyneema ya mita 5 kwa kiasi hicho bila kwanza kuchana pete za turubai. Kwa hiyo akiba haipo. Kilichopo ni mtu anayeshuka kwenye machela saa nane usiku, kurunzi kichwani, kukaza tena kamba zote kwa mara ya pili chini ya mvua.

Na kisha kunapambazuka. Jua linapanda, nailoni inakauka, inafupika na kurudi kwenye kipimo chake. Mkazo wa jioni, na ule ulioongezwa usiku wa manane, na ufupi wa asubuhi, vyote vinakutana kwenye mishono na vigingi. Aliyekaza mara mbili ameweka deni ambalo jua litalidai saa tatu asubuhi, saa ambayo yeye yuko mtoni anachota maji ya chai na hajui kwamba kona moja ya turubai lake inafunguka uzi kwa uzi.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba zamani walifundishwa kinyume chake. Wakati wa mahema ya pamba na kamba za katani, kila skauti aliambiwa alegeze kamba za hema kabla ya kulala. Nyuzi za mimea hunenepa zikilowa, na nyuzi za kamba iliyosokotwa zikinenepa, kamba hufupika. Umande peke yake ungeweza kung'oa vigingi au kuchana kitambaa kilichoachwa kimekazwa. Anayeona desturi hiyo ni uzembe ana kesi na harakati nzima, ambayo mwanzilishi wake, Baden-Powell, amelala Nyeri tangu Januari 1941. Nguvu ya kamba iliyolowa ilijulikana kabla yake pia. Simulizi za Roma zinadai kwamba tarehe 10 Septemba 1586, mnara wa jiwe ulipokuwa ukisimamishwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro na kamba zikaanza kushindwa, baharia mmoja alivunja amri ya kunyamaza akapiga kelele kwamba kamba zimwagiwe maji. Iwe ilitokea au ilitungwa, aliyeisimulia alijua kamba za mimea zinafanya nini zikilowa.

Kwa hiyo kuna nyuzi zinazofupika kwa maji na nyuzi zinazorefuka kwa maji, na fundisho la ngoma linatoa amri moja kwa zote.

4. Hesabu inayochukia ubapa

Shtaka zito la wafuasi dhidi ya turubai lililonepa ni maji yaliyotuama. Dawa yao ni kuvuta. Basi ihesabiwe.

Kamba yenye mzigo katikati hubeba nguvu inayotegemea pembe yake na usawa wa ardhi. Mzigo wa kilo 10 kwenye kamba iliyoshuka kwa pembe ya nyuzi 30 huweka kilo 10 kila upande. Ikivutwa mpaka pembe ibaki nyuzi 10, kila upande unabeba kilo 29. Kwenye nyuzi 5 ni kilo 57. Kwenye nyuzi 1, ambayo kwa macho ni mstari ulionyooka kabisa, ni kilo 286. Ili mstari unyooke kwelikweli huku umebeba chochote, hesabu inadai mkazo usio na mwisho, na hakuna duka linalouza.

Maana yake ni kwamba turubai lililotandazwa bapa litatuamisha maji hata likazwe na trekta. Tone la kwanza linabonyeza kidogo, la pili linafuata bonde la kwanza. Lililoinamishwa vizuri humwaga maji hata kama kitambaa kina kunyanzi. Kinachomwaga maji ni mteremko. Mkazo umechukua sifa za mteremko kwa miaka, kama msimamizi anayepokea pongezi za kazi ya vibarua.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Turubai bora la machela halikatwi kwa kingo zilizonyooka. Kingo zake zimekatwa kwa mkunjo, ule wa mnyororo unaoning'inia kati ya ncha mbili. Mkunjo huo una historia yake. Galileo aliufananisha na parabola mwaka 1638, na ilibidi kungoja hadi 1691 ndipo Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli wakatoa mlinganyo wake sahihi. Ukingo uliokatwa hivyo hupokea mvuto wa kawaida wa mkono na kuusambaza kitambaani, usibaki ukingo mlegevu wa kupigapiga. Mnunuzi analipa zaidi kwa mkunjo huo, anaufikisha porini, kisha anauvuta kwa nguvu zake zote ili unyooke.

Wakibanwa sana, wafuasi hutaja majengo. Si mbunifu majengo Frei Otto alifunika uwanja wa Olimpiki wa Munich mwaka 1972 kwa paa lililokazwa? Alifunika, naam. Alijifunza maumbo yake kwenye utando wa sabuni, ambao hujipinda kuelekea pande mbili zinazopingana, na ugumu wa paa unatokana na kupinda huko. Tena paa lake ni wavu wa nyaya za chuma unaoning'inia kwenye milingoti mikubwa na kushikwa na misingi ya zege iliyozikwa ardhini. Mlalaji wa machela ana vijiti vya alumini vya sentimita 15 kwenye udongo wa majani yaliyooza.

Vijiti hivyo navyo vina hesabu yake. Kigingi hushindwa upesi zaidi kikivutwa kwenda juu. Kamba fupi inayoshuka kwa nyuzi 60 hugeuza asilimia 87 ya mvuto wake kuwa wa kung'oa. Ikirefushwa mpaka ilale kwenye nyuzi 30, mvuto wa kung'oa hushuka hadi asilimia 50. Nusu mita au mita moja ya kamba ya ziada imefanya kazi ambayo hakuna fundo la kukazia linaloweza kuifanya. Lakini kamba ndefu haikai vizuri kwenye picha, na watu hujikwaa.

5. Fundo la utingo mahali pasipo lori

Fundo kuu la dini hii ni lile la wafunga mizigo: kitanzi katikati ya kamba, ncha inapita kwenye kitanzi, inavutwa kurudi. Kwa nadharia huzidisha nguvu ya mkono mara 3, ingawa kamba inaposuguana na kamba sehemu kubwa ya faida hiyo huliwa na msuguano. Bado hubaki nguvu nyingi kuliko zinazohitajika.

Utingo anayefunga turubai juu ya shehena Mombasa, safari ya Kampala au Kigali ikiwa mbele yake, ana haki ya kulitumia. Chini ya turubai lake kuna magunia au makasha. Kamba inabana kitambaa kwenye kitu kigumu, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachosogea kwa zaidi ya kilomita 1,000. Chini ya turubai la machela hakuna kitu ila hewa na mtu aliyelala. Miti inasogea, kitambaa kinarefuka na kufupika, upepo unakuja na kuondoka. Fundo la kuzuia mwendo limepelekwa mahali ambapo kila kitu kina mwendo, kisha watu wanashangaa kwamba kitu fulani hukatika.

Upepo hauji kwa ratiba, na nguvu zake hazipandi ngazi kwa ngazi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 6. Ubavu wa turubai wenye mita za mraba 5 unapokea kilo 31. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne: kilo 125 kwenye ubavu uleule. Pigo kama hilo likija kwa ghafla, swali ni nani atalimeza. Kamba inayotanuka humeza kwa kurefuka, na nguvu inagawanywa kwenye umbali na muda. Kamba isiyotanuka hailipunguzi pigo hata kidogo. Inalipitisha likiwa zima hadi kwenye pete, mshono au kigingi.

Wapanda milima walilimaliza suala hili zamani. Kamba yao ya kumdaka mtu anayeanguka hutengenezwa makusudi itanuke. Viwango vinairuhusu irefuke hadi asilimia 40 katika jaribio la kuanguka, ili mwili usipokee kishindo chote. Mwaka 1931 Mwaustria Karl Prusik alieneza fundo lake la kushika kamba, ambalo wenye machela wamelirithi kwa kufungia turubai kwenye kamba ya mgongo. Kwenye kamba nyembamba fundo hilo likizidiwa huteleza kidogo, nalo linakuwa kama fyuzi. Wafuasi wa ngoma wanalalamika kwamba linateleza. Wamebadilisha na kulabu za chuma zisizoteleza, na sasa fyuzi imehamia kwenye mshono.

Dyneema yenyewe ni polithini. Nyuzi zake ni laini kiasi cha mafundo mengi kujifungua, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, wakati nailoni na poliesta zinavumilia zaidi ya 200. Cheche moja ya moto wa kambi inajua tofauti hiyo. Inasifiwa kwa kuokoa gramu. Gramu hizo hurudishwa kwa kununua vifaa vya kuishika isiteleze, na vifaa vya kuirudishia unyumbufu iliyonyimwa.

Mwendesha baiskeli anayebeba mkaa au madumu ya maji hahitaji mhadhara huu. Anafunga mzigo kwa vipande vya tyubu iliyochakaa, kwa sababu barabara ina mashimo na mzigo utarukaruka, na kamba ngumu italegea kwenye shimo la kwanza. Mpira unaufuata mzigo unakokwenda.

6. Anayelipa hayumo kwenye picha

Kamba hukatikia pembamba. Aliyekaza turubai kupita kiasi hajaondoa udhaifu, ameuhamisha mahali ambapo haoni.

Mahali pa kwanza ni mti. Watu hawa hawa hutumia mikanda mipana kutundikia machela, na hupenda kumkemea anayetumia kamba nyembamba, kwa hoja sahihi kwamba kamba hukata gome na kuumiza tabaka hai lililo chini yake, linalokuza shina. Kisha huchukua kamba ya milimita 2, huizungusha kwenye mti uleule, juu kidogo ya mkanda, na kuikaza kwa fundo la malori. Mkazo uleule kwenye kamba ya milimita 2 hubana gome mara 12 na zaidi ya mkanda wa milimita 25. Mahubiri ya mkanda yameishia sentimita 30 chini ya dhambi.

Mahali pa pili ni kona za turubai, ambako mvuto mara nyingi hauendi sambamba na nyuzi za kitambaa bali unazikata mshazari. Kitambaa kikivutwa mshazari hutanuka na kupinda umbo hata kama nyuzi zake zote ni nzima. Baada ya misimu michache ya kuwambwa, turubai halirudi tena katika umbo lake, linanepa hata likiwa kavu. Mwenyewe anaona linanepa. Anakaza zaidi.

Na usingizi, uliokuwa sababu ya kubeba machela milimani, ndio wa kwanza kukatwa. Kitambaa kilichowambwa hupaza kila tone, na kamba zilizokazwa hubeba mtetemo kutoka kwenye mti hadi sikioni. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea Appalachian Trail yote akiwa na pazia la plastiki la bafuni kwa ajili ya mvua. Hakulala kwenye machela, na pazia la bafuni si kielelezo cha uhandisi. Lakini alifika Katahdin, na hakuna aliyelidonoa pazia lake kusikiliza sauti.

7. Basi lilegee?

Hili ndilo swali la mwisho la wafuasi, na huulizwa kana kwamba dunia ina hali mbili tu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake; wameigawa hoja pale panapowafaa.

Hakuna anayetetea shuka. Turubai linahitaji mkazo wa mkono mmoja, bila fundo la kuzidisha nguvu, na linahitaji mkazo huo ubaki palepale miti ikisogea, mvua ikinyesha na jua likichomoza. Kinachobakiza mkazo ni unyumbufu. Kwa vitendo: kamba ya mgongo ifungwe mapema, ikaguliwe mtu akiwa amekwisha kulala na kuinuka, miti ikiwa imekwisha kupimwa. Kamba za pembeni ziwe ndefu. Kila kona iwe na kipande kifupi cha mpira. Kama ubavu unapigapiga, uongezewe kigingi cha kati badala ya kuzidisha nguvu kwenye vigingi vilivyopo. Upepo ukiwa mkali, turubai lishushwe karibu na machela na mbavu zilazwe, maana mita za mraba zilizonyimwa upepo hazihitaji kamba.

Mpira nao umeanza kupata waumini wake, na wao pia wamezidi. Mpira ulioachwa peke yake, upepo ukiwa mkali, hurefuka na kurefuka. Ubavu unafunguka kama mlango, upepo unaingia chini, na turubai zima linageuka tanga. Kigingi kikichomoka mpira ukiwa umevutwa, hurushwa kuelekea alikolala mtu. Kwa hiyo sambamba na mpira ipite kamba ya kawaida iliyoachiwa ulegevu wa sentimita 10 hivi. Siku za kawaida mpira unafanya kazi na kamba imelala. Dhoruba ikija, mpira unavutika mpaka ulegevu unaisha na kamba inashika. Mpira hufa kwa jua, hupasukapasuka na kupoteza nguvu, hivyo ubadilishwe kabla haujaanza kuonyesha nyufa. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha kwa kona zote nne.